Chungu kinasema na nani? Kuisoma sanaa ya ufinyanzi tukiwa Dodoma

Katika sura ya 19 ya kitabu cha Yeremia, nabii anaagizwa akanunue gudulia la mfinyanzi, awachukue baadhi ya wazee wa watu na wazee wa makuhani, atoke nao mpaka bondeni nje ya mji, kisha alivunje mbele ya macho yao. Mji huu, anawaambia, utavunjwa vivyo hivyo, wala hautaweza kuungwa tena. Sura inayofuata inaeleza malipo yake: alipigwa, akatiwa katika mkatale. Wengi wetu tumeisikia habari hiyo kanisani, na mahubiri kwa kawaida humfuata nabii. Mimi humfikiria zaidi mfinyanzi. Jina lake halitajwi. Aliuza gudulia kama alivyouza mengine, la kuwekea maji au mafuta, na likaishia kuwa hotuba iliyowakasirisha wakubwa wa mji.

Hapo ndipo ugumu wa mada hii unapoanzia. Watu wanaposema kwamba ufinyanzi unaweza kuikosoa jamii, ni nani hasa anayesema? Aliyefinyanga, aliyenunua, au aliyevunja? Kwenye katuni ya gazeti swali hilo halisumbui, kwa sababu mchoraji ametia sahihi pembeni na msomaji anajua anabishana na nani. Chungu kinapita mikono mingi, na kila mkono unaweza kukipa maana nyingine. Ndiyo sababu watu wawili husimama mbele ya chombo kilekile, mmoja akaona mapambo ya sebuleni na mwingine akaona shutuma, na wote wawili wakawa na hoja.

Nitaeleza ninavyoliona fundo hili, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kabla hujauliza chombo kimeandikwa nini au kimechorwa nini, uliza kimetoka mikononi mwa nani na kitakaa mikononi mwa nani. Jibu la swali hilo hueleza mengi kuliko maandishi.

Kinachotokea motoni

Udongo wa mfinyanzi uliokaushwa juani tu, ukiutumbukiza majini unarudi kuwa tope. Ukichomwa mpaka joto likapita nyuzi 600 za sentigredi hivi, maji yaliyofungamana na chembe zake hutoka, na hapo hakuna kurudi nyuma. Vyungu vinavyochomwa uwanjani bila tanuri hupata joto la kati ya nyuzi 600 na 900. Kauri nyeupe ya Kichina huhitaji zaidi ya nyuzi 1,200. Kikishachomwa, chombo kinaweza kuvunjika lakini magae yake hayaozi, hayashiki kutu, wala mchwa hawayali. Wachimbaji wa mambo ya kale hupanga umri wa makazi kwa kuyaangalia magae, kwa kuwa mara nyingi nguo, ngozi na miti vimekwisha kutoweka. Kwa mtu mwenye neno la kusema, hiyo si hoja ndogo. Bango litang'olewa, gazeti litafungiwa maandazi kesho, lakini maneno yaliyokwaruzwa kwenye udongo mbichi kisha yakachomwa yanaweza kusomwa na watu watakaozaliwa miaka elfu moja ijayo.

Hata hivyo kudumu peke yake hakutoshi. Jiwe nalo linadumu. Nguvu ya pekee ya chungu ni kwamba kinaishi nasi ndani. Tunakipikia, tunakinywea, tunakiosha kila siku. Ujumbe wa ukutani unaupita ukienda kazini, lakini ulio ndani ya bakuli unakungoja umalize mboga. Nguvu ya namna hii tunaijua vizuri kupitia kanga. Jina la kanga halielei hewani: kuna aliyeivaa, kuna wifi au jirani aliyepitiwa nayo mlangoni, na kuna mlango wa kutokea, maana aliyevaa anaweza kusema yeye amevaa nguo tu, maneno hakuyaandika. Chombo cha udongo chenye ujumbe hufanya kazi vivyo hivyo. Maana yake inapita kati ya mtu na mtu, na ukimwondoa mmojawapo unabaki na udongo mkavu.

Vyombo viwili vya wakati wa utumwa

Mfano ninaoupenda zaidi wa kufafanulia jambo hili ni wa vyombo viwili vilivyosema juu ya dhuluma ileile.

Mwaka 1787 Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda mashuhuri cha vyombo vya udongo Uingereza, alianza kutoa medali ndogo ya kauri. Ina mtu mweusi aliyepiga goti, mikono yenye minyororo ameiinua mbele yake, na maneno ya Kiingereza yanayouliza: je, mimi si mtu na ndugu? Umbo hilo lilitengenezwa na fundi wake William Hackwood kwa kufuata muhuri wa chama kilichokuwa kikipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Medali ziligawiwa kwa wanaharakati, na mwaka 1788 nyingine zikapelekwa kwa Benjamin Franklin huko Philadelphia. Mabibi wa matabaka ya juu wakazivaa kwenye vikuku na pini za nywele. Ilipofika mwaka 1807 Bunge la Uingereza likaipiga marufuku biashara hiyo, na wanahistoria huihesabu medali hii kati ya vitu vilivyosaidia kuufikisha ujumbe kwenye nyumba za watu.

Sasa itazame upya ukiuliza imeshikwa na nani. Mtumwa amepiga goti, anaomba. Anayeombwa ni yule aliyeivaa. Medali inamwambia mvaaji kwamba ana moyo wa huruma na kwamba uhuru wa mwenzake umo mikononi mwake. Haina nafasi ya watumwa waliotoroka au walioasi, wala haina nafasi ya mtumwa kusema neno lisilo la kuomba. Hilo haliondoi wema ambao medali iliufanya. Lakini inaonyesha kwamba hata ukosoaji wa kweli hukatwa ukubwa wa mkono utakaoushika.

Chombo cha pili ni kazi ya David Drake wa Edgefield, jimbo la South Carolina, Marekani. Alizaliwa mtumwa mwanzoni mwa karne ya 19 na akawa fundi wa mitungi mikubwa sana ya kuhifadhia nyama na mafuta. Kwenye mabega ya baadhi ya mitungi hiyo, udongo ukiwa bado mbichi, alikwaruza jina lake la Dave, tarehe, na mara nyingine mashairi ya mistari miwili. Jimbo lile lilikuwa na sheria ya mwaka 1834 iliyokataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Kwa hiyo hata mtungi wenye jina na tarehe tu tayari ulikuwa unasema jambo zito: mkono huu unajua kuandika. Tarehe 16 Agosti 1857 aliandika mistari miwili akijiuliza ndugu zake wote wako wapi, kisha akatamka urafiki kwa wote na kwa kila taifa. Basi. Hakumtaja bwana yeyote, hakulaani.

Huku kwetu, mwaka huohuo, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikikatiza Ugogo kuelekea na kutoka pwani, ikilipa hongo kwa watemi ili ipate maji na chakula. Mtu aliyeuzwa katika njia ile angelielewa swali la Dave bila kuelezwa.

Mtungi wa Dave haukupelekwa kumlainisha mwenye nyumba mwema. Ulikwenda ghalani na jikoni kwenye mashamba, mahali ambapo wenye kuunyanyua na kuusugua mara nyingi walikuwa watumwa wenzake. Medali ya Wedgwood inasema kila kitu kwa sauti, na mtungi wa Dave unasema kidogo mno, lakini kwangu mimi wa pili ndio mzito zaidi, kwa sababu aliyeandika ndiye aliyeumizwa.

Na magae yenyewe, baada ya chombo kuvunjika, nayo yana historia ya siasa. Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo, raia walikwaruza kwenye kigae jina la kiongozi waliyetaka ahamishwe mji kwa miaka 10. Wachimbaji walipata kisimani magae 190 yenye jina la Themistocles, na walipochunguza miandiko wakaona ni ya watu 14 hivi tu. Kura zilikuwa zimeandikwa mapema, tayari kugawiwa. Udongo umehifadhi sauti ya raia na hila ya waliotaka kuichezea, vyote kwa pamoja.

Visivyo na herufi

Tusidhani kwamba lazima kuwe na maandishi. Kaskazini mashariki mwa nchi yetu, kwa Wasambaa, Wazigua, Wapare na majirani zao, kulikuwa na vinyago vidogo vya udongo vilivyotumika kufundishia wakati wa jando na unyago. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alivikusanya na kuchapisha maelezo yake mwaka 1956. Kila kinyago kilikuwa na wimbo wake, na ndani ya wimbo kulikuwa na fundisho: ndoa, adabu, kazi, mipaka kati ya mke na mume, kati ya mzazi na mtoto. Mwari hakuachiwa akitazame na kukisia. Aliyejua wimbo aliuimba, na hapo kinyago kikawa na ulimi.

Leo vinyago vya namna hiyo vimekaa kwenye kabati za makumbusho. Kibao kinataja kabila na aina ya udongo, na wimbo haupo. Ukiwa na swali la mikono utaona mara moja kilichotokea: kitu kimetoka kwa mwenye kukiimba kikafika kwa mwenye kukihesabu. Hiyo ndiyo hatari ya kila chombo chenye maneno ya watu kikihamishwa bila watu wake.

Mfano wa siku hizi unaomgusa moja kwa moja mtu wa kanda ya kati unatoka China. Oktoba 2010 msanii Ai Weiwei alitandaza mbegu milioni 100 za alizeti kwenye ukumbi wa makumbusho ya sanaa ya Tate Modern, London. Kila mbegu ilikuwa ya kauri, imetengenezwa na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen, mji ulioifinyangia China kauri kwa karne nyingi. Mafundi zaidi ya 1,600 walishiriki. Kwa Wachina wa kizazi chake alizeti ina kumbukumbu ya kisiasa: Mwenyekiti Mao alichorwa kama jua, na wananchi kama maua ya alizeti yanayomgeukia. Pia ilikuwa chakula cha kugawana wakati wa shida. Mkulima wa Singida au Kongwa aliyewahi kusimama mbele ya magunia kwenye mashine ya kukamulia hahitaji kuambiwa uzito wa mbegu moja moja zikiwa pamoja. Anajua pia jambo ambalo wageni wa London waliligundua baada ya siku chache tu: kazi ya wengi ina vumbi lake. Mwanzoni waliruhusiwa kutembea juu ya zile mbegu, kisha eneo likafungwa kwa sababu vumbi la kauri lilikuwa hatari kulivuta.

Ai Weiwei huyohuyo mwaka 1995 alipigwa picha tatu akiangusha mtungi wa kale wa enzi ya Han, wenye umri wa miaka 2,000 hivi. Wengine waliona uharibifu, wengine waliona swali kwa taifa lililobomoa mengi ya kale kwa jina la mapinduzi. Februari 2014, msanii mwingine, wa Miami, Marekani, alinyanyua chombo kimoja katika maonyesho ya Ai Weiwei mjini humo na kukiangusha, akasema analalamikia makumbusho kuwasahau wasanii wa mji huo. Yeye alishtakiwa na kutakiwa kulipa fidia ya dola 10,000. Kitendo ni kilekile. Kilichotofautiana ni nani alikishika chombo, na chombo kilikuwa cha nani.

Udongo wa kanda ya kati

Basi turudi nyumbani. Ukienda Kondoa utaona makorongo mekundu yaliyoikata ardhi, mengine marefu kuliko nyumba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka zaidi ili ardhi ipumue. Majani yalirudi, miti ikarudi, na pamoja nayo kumbukumbu ya familia zilizoambiwa zitenganishwe na ng'ombe wao. Kwa mfinyanzi hii si historia ya kuchora juu ya chombo. Ni malighafi. Udongo unaonata, ule unaofaa kufinyangwa, hukusanyika mabondeni baada ya kuletwa na maji kutoka juu. Shamba la mtu lililochukuliwa na mvua linaweza kuwa ndani ya chungu. Msanii anayefinyanga bakuli kumi kwa udongo wa korongo moja, kila bakuli kwa tabaka lake la rangi, ameshazungumzia kilimo, mifugo, serikali na mvua bila kuandika neno. Ningependa sana kuziona bakuli hizo, na ningependa zaidi zionwe Kondoa kwanza, na watu wanaojua ng'ombe walipelekwa wapi.

Matofali nayo ni ufinyanzi, ingawa tunayasahau. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe, kuta za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Ilipofika Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu waliokuwa wametawanyika wakihamishiwa vijijini, tofali la kuchoma likawa alama ya maendeleo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kufyatua matofali Chamwino. Tofali lile lilikuwa na ujumbe: udongo wako ni uleule, lakini sasa utakaa katika mstari. Kuna wazee wanaolikumbuka kwa fahari, maana shule na zahanati vilikuja nalo. Kuna wanaokumbuka tembe walizoziacha. Kwa maoni yangu kazi ya sanaa juu ya miaka ile itakuwa ya kweli ikiwa itabeba kumbukumbu zote mbili kwenye tofali moja, na tofali hilo likafyatuliwa na watu wa kijiji husika.

Kuna pia Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na watu kwa ajili ya vita vyao. Mada hazikosekani.

Lakini ukitaka kuona ufinyanzi unavyoisema Dodoma ya leo, nenda kwa wauzaji wa kando ya barabara. Mama mmoja alikuwa amepanga vyungu vyake juu ya gunia, vidogo mbele, mitungi nyuma. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na habari za nyumbani, nikanyanyua kimoja kidogo na kukigonga kwa ukucha, kama mnunuzi yeyote anavyofanya kusikia kama kina ufa. Kilitoa mlio mkali, safi.

"Hicho cha mlenda, mwanangu," akasema. "Hicho hakikuangushi."

Nikamwuliza juu ya mtungi mkubwa uliokuwa nyuma, mweusi ubavuni palipopigwa na moshi.

"Huo wa maua. Wa maji siku hizi hawanunui, wana ndoo. Wenye nyumba mpya wanataka wa maua."

Aliuinamisha ili nione. Chini kabisa kulikuwa na tundu la duara, lenye ukubwa wa kidole gumba, kingo zake zimelainishwa vizuri. Alikuwa amelitoboa mwenyewe udongo ukiwa mbichi, kabla ya kuchoma, ili maji ya kumwagilia yapate kutoka.

Nimeutafakari sana mtungi ule. Mtungi wa kunywea hupooza maji kwa sababu vitundu vyake visivyoonekana hutoa jasho, na hewa kavu ya Dodoma hulikausha haraka na kuondoka na joto. Ni ujuzi wa mahali pakavu. Mkoa huu hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na mji umeishi kwa miaka mingi kwa kutegemea visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, miaka 43 baada ya uamuzi wa 1973 wa kuufanya mji huu makao makuu, watu wakaongezeka, nyumba zikaongezeka, bustani zikaongezeka. Na hapa fundi wa chombo cha kutunzia maji anakitoboa chini ili maji yapite, kwa kuwa soko ndilo linalomtaka afanye hivyo. Sijaona kwenye ukumbi wowote wa maonyesho kitu kinachoieleza Dodoma kwa ukamilifu kuliko hiki.

Ila yeye hakuuita sanaa wala ukosoaji. Kwake ni bidhaa inayotoka. Mimi ndiye niliyeona shutuma, na nikikimbilia kuununua, kuuweka juu ya meza nyeupe na kuandika maelezo marefu chini yake, nitakuwa nimefanya kama Yeremia bila kutumwa na yeyote. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na methali hiyo ina ukali wake inapofika kwenye sanaa: chombo kinapanda thamani kila kinapozidi kutoka mikononi mwake, naye anabaki na gae.

Ukosoaji na tangazo

Kuna mchanganyiko mwingine unaofaa kutatuliwa. Shirika likimwagiza mfinyanzi aandike kwenye sahani "tutunze mazingira" au "mtoto wa kike asome", hilo ni tangazo. Linaweza kuwa jema. Ukosoaji unaanza pale mfinyanzi anaposema kitu ambacho aliyelipa hakukiagiza. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, karakana ya Ardmore iliyoanzishwa mwaka 1985 ilipoteza wasanii kwa Ukimwi, akiwemo Bonnie Ntshalintshali aliyefariki mwaka 1999, na wenzao wakaanza kuuweka ugonjwa huo kwenye vyombo vyao. Waliokuwa wakifinyanga walikuwa wakizika. Ujumbe wa kujikinga ulikuwepo, sawa na kwenye mabango ya hospitali, lakini ulitoka kwa mtu ambaye kiti cha mwenzake karakanani kilikuwa kitupu.

Tena udongo humbana msanii kwa namna ambayo rangi na karatasi havimbani. Ukitaka chungu kihubiri juu ya ukataji miti, kumbuka kitachomwa kwa kuni. Tangu mwisho wa Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kupikia kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mfinyanzi wa uwanjani anatumia kuni kidogo, nyasi, magome, samadi kavu, chochote cha kiangazi. Akiambiwa aache, hana tanuri la umeme la kuhamia. Kazi itakayoonyesha mvutano huo waziwazi, mathalani kwa kuyaacha madoa ya moshi yabaki badala ya kuyafuta, ninaiamini zaidi kuliko sahani yenye mti wa kijani.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya chombo kinachosemekana kinaisema jamii, kigeuze kama inaruhusiwa. Tazama chini yake kuna jina la nani. Uliza kilichomwa wapi na kwa moto gani, kilikuwa kitumike na nani kabla ya kuwekwa hapo, na kama aliyekifinyanga anakubaliana na maelezo ya kibao. Maswali hayo ni ya kawaida kabisa kwa mnunuzi wa sokoni, na sioni kwa nini yaachwe mlangoni mwa ukumbi.

Mji wa Serikali pale Mtumba bado unajengwa, na majengo yake yatahitaji vitu vya kuweka kwenye kumbi na kuta. Pendekezo langu ni dogo. Wafinyanzi wa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa na Singida waulizwe wangependa kuweka nini pale, wao wenyewe, kabla ya mshauri yeyote kuchora michoro. Mama wa mtungi wa maua akitaka kupeleka mtungi wake wenye tundu, upokelewe na kuwekwa mahali ambapo waziri atapita. Akitaka kupeleka cha mlenda, kipokelewe hichohicho. Chini pawekwe maneno aliyoyasema yeye, jina lake akiridhia, na bei aliyolipwa.